Giaboksi ya Kigugumizi

Ilikuwa mwaka wa 2011, mwishoni mwa kiangazi, majira ambayo udongo hupasuka na wakulima hawana la kufanya isipokuwa kunoa majembe na kulaumiana. Mwaka huo mjane wa shamba la juu aliamua kulifufua lori la marehemu mumewe.

Lori lenyewe liliitwa Kigugumizi. Jina hilo lilitokana na injini yake, ambayo kila asubuhi ya baridi ilianza neno, ikalikatiza, ikalirudia, ikalikatiza tena, mpaka mumewe apige dashibodi kwa kiganja na kusema, “Haya, sema, tunakusikiliza.” Ndipo iseme. Kigugumizi kilikuwa kimebeba mahindi, mbolea, mbao, wagonjwa, na bibi harusi mmoja aliyeshuka na grisi kwenye upindo wa gauni. Tangu mumewe afariki, lori lilikuwa limekaa bandani, matairi yamelala bapa, na kuku wakitaga chini ya kiti cha dereva. Mjane aliingia humo kwa ajili ya mayai tu.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne, naye alitumia kimoja na nusu. Nusu yenyewe ilikuwa jikoni, kwa kuwa mtu apikaye kikombe kimoja cha mchele hawezi kudai kwamba anatumia jiko zima. Masufuria makubwa aliyapindua juu ya kabati, yakakaa huko kama kofia za watu waliosahau kurudi kuzichukua. Jioni aliwasha redio, si kwa ajili ya habari, bali ili pawepo mtu anayezungumza wakati yeye anakula. Na mtangazaji alipowatakia wasikilizaji usiku mwema, alimwitikia.

Mwanawe wa pekee aliishi mji wa mbali na alipiga simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mazungumzo yao yalikuwa na njia yake iliyochimbika kama mfereji: afya, mvua, watoto, kwaheri. Jumapili moja, hata hivyo, mjane aliuliza jambo ambalo kwa kawaida hakuliuliza, maana hakupenda kuonekana anaomba.

“Mtakuja lini?”

“Mama, si unaijua njia hiyo? Basi linatuacha njia panda. Kutoka hapo mpaka nyumbani ni kwa miguu, na pikipiki haipakii watu watano. Mara ya mwisho mdogo alirudi na homa.”

“Alikunywa maji ya mtoni. Nilimkataza.”

“Sikatai. Nasema tu, kungekuwa na gari la kututoa njia panda, tungekuja kila likizo.”

“Kila likizo?”

“Kila likizo, mama.”

“Nimekusikia,” alisema mjane, na yeyote aliyemfahamu alijua kwamba maneno hayo, katika kinywa chake, yalikuwa sawa na muhuri.

Kuendesha alikuwa anajua. Mumewe alimfundisha katika shamba lililokwisha kuvunwa, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kugonga ila kichuguu kimoja, naye akakigonga. Baada ya hapo hakugonga tena. Kwa hiyo jioni ile ile alichukua ungo, akaupangusa, akaanza kupanga kazi kwa maharage, kwa sababu hakuwa mtu wa kalamu. Harage jekundu lilikuwa injini. Maharage sita meupe yalikuwa matairi. Lililotobolewa na mdudu lilikuwa rejeta, nalo lilistahili. Kila sehemu ya lori ilipata harage lake, na alikusudia kwamba kila kitakachotengenezwa, harage lake litahamia upande wa pili wa ungo. Harage moja tu hakulitia. Aliliweka mezani, nje kabisa, kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Hilo lilikuwa giaboksi.

Fundi aliyeitwa Kesho alifika siku moja baada ya ile aliyoahidi, jambo ambalo kwake lilihesabiwa kuwa ni kuwahi.

“Hodi, mama.”

“Karibu. Nilidhani umekufa.”

“Nilikuwa nakuja jana.”

“Jana hakuja mtu.”

“Ndiyo maana nasema nilikuwa nakuja.”

Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye vidole vilivyokwisha kuwa na rangi ya oili moja kwa moja, na alipoingia chini ya lori yalibaki yakionekana makubazi yake tu. Mjane alisimama kando, mikono nyuma, akiyasikiliza makubazi yakitoa taarifa.

“Mama, kutu hii nikiiondoa yote, lori litakwisha.”

“Ondoa isiyo lori.”

“Rejeta imeoza. Mipira ya breki imeliwa na panya. Panya wako wana meno.”

“Kila mtu hapa ana meno. Injini?”

Fundi alitoka, akafungua boneti, akachomoa plagi moja, akainusa kama mpishi anusavyo mchuzi. Kisha alishika feni kwa mikono miwili, akaisukuma. Haikutii. Akasukuma tena, ikasogea kidogo kwa kulalamika.

“Haijafa. Imenuna tu, kwa kuachwa peke yake.”

“Basi isidhani ni peke yake duniani,” alisema mjane. “Endelea.”

“Nimemaliza. Imebaki giaboksi.”

“Hiyo iache. Iliyomo humo si yetu, na ni mbovu. Yetu nzuri iko ng’ambo ya kijito, kwa yule. Ukifika wakati wa kufunga, nitakwenda kuidai mwenyewe.”

Fundi Kesho aliangalia ng’ambo ya kijito, akaangalia uso wa mjane, akaona ni busara kuendelea na plagi.

Yule wa ng’ambo aliitwa Mzee Buluu. Aliwahi kununua ndoo kubwa ya rangi ya buluu kwenye mnada, akaona haya kuitupa, akapaka lango, akapaka ndoo, akapaka mipini ya majembe na kila kitu kilichokaa kimya vya kutosha kupakwa. Alikuwa na lori la aina ile ile kama Kigugumizi, na yeye na marehemu walikuwa chanda na pete. Siku hizo mjane alimwita shemeji, naye akamwita shemeji, na mtu akipika cha kuzidi upande huu, sahani ilivuka daraja la magogo na kurudi si imeoshwa tu, bali imetiwa kitu.

Ubaya uliingia kwa sababu ya ng’ombe. Giaboksi ya Kigugumizi ilipokufa, mjane alimuuza ng’ombe wake wa maziwa, aliyeachiwa na mama yake mzazi, ikanunuliwa nyingine. Mwaka huo huo, wakati wa mavuno, alikwenda kumuuguza dada yake. Alipokuwa anarudi, akiwa bado kwenye kona ya njia, alimwona mumewe na Mzee Buluu wakisukuma toroli juu ya daraja, na ndani ya toroli giaboksi, ile ile, ng’ombe wake aliyegeuka chuma, ikielekea ng’ambo. Alipouliza, mumewe alisema wanaisafisha. Hakusema zaidi, na kwa miezi iliyofuata lori liliendelea kufanya kazi kama kawaida yake, kwa kugugumia.

Kisha mumewe akaugua. Siku chache kabla ya kufa alimwita karibu, akasema kwa sauti ya mtu apandaye mlima: “Zile giaboksi tumeazimana na shemeji yako. Usisahau.”

Mjane hakusahau. Alilielewa neno kama aelewavyo mtu anayedai. Kama mumewe alisema asisahau, basi kuna kitu chao kiko kwa mtu; na kitu chao alikiona kwa macho yake kikienda. Wamebadilishana kwa muda, nzuri yetu kwa mbovu yake. Hivyo ndivyo alivyolifasiri. Akangoja Mzee Buluu airudishe. Mzee Buluu alikuja mazikoni, akashika sepetu, akafukia, akala chakula cha wafiwa, akaaga, na giaboksi hakuitaja. Wiki zilipita. Mjane akaona kimya hicho ni cha mtu aliyekwisha kula na kufuta midomo.

Siku moja walikutana katikati ya daraja, kila mmoja na ndoo yake. Mjane hakuwa mtu wa matusi, alikuwa mtu wa methali. Alisema, akiyatazama maji: “Kukopa harusi, kulipa matanga.”

Mzee Buluu alisimama, akainamisha kichwa, akajibu kwa upole: “Ni kweli, shemeji. Ni kweli kabisa.”

Hata haya hana, alijisemea mjane. Akakata salamu tangu siku hiyo. Sahani hazikuvuka tena. Miaka miwili kabla ya kisa hiki, alisikia kilio ng’ambo, akajua kwamba mke wa Mzee Buluu amefariki. Alijifunga kanga, akateremka hadi darajani, akaweka mguu kwenye gogo la kwanza, akageuka. Mwizi naye hufiwa, aliwaza, lakini si lazima nimsindikize. Usiku ule redio ilisema mengi na yeye hakusikia hata moja.

Kazi ya lori iliendelea, kwa kasi ya jina la fundi. Harage jekundu lilihama siku injini ilipozunguka bila kulalamika. La rejeta lilihama. Matairi manne yalihama, mawili yakasubiri. Jumapili mjane alimwambia mwanawe kwamba atawapokea njia panda likizo ijayo, na katika simu alisikia watoto wakigombania kiti cha mbele cha lori ambalo hawajapata kulipanda. Alishusha sufuria moja kubwa kutoka juu ya kabati, akaiosha, ingawa hapakuwa na cha kupika humo.

Ndipo Fundi Kesho alipoweka jeki chini ya giaboksi ili aishushe.

“Hiyo ndiyo niliyokuambia ni mbovu,” alisema mjane.

“Mbovu au nzima, lazima ishuke. Klachi iko kati yake na injini.”

Iliposhuka, fundi aliisugua kwa tambara lililolowa mafuta ya taa. Uchafu wa miaka ulitoka kama ganda la muhogo, na chini yake ikajitokeza rangi ya buluu, imechakaa lakini haikosi kutambulika. Mjane aliitazama akabana midomo. Alijua kwamba ni ya yule. Hakuhitaji rangi kumwambia. Fundi alifungua mfuniko, akatia kidole, akazungusha gia moja baada ya nyingine, akachukua kijiti akakagua ndani, kisha akakaa juu ya ndoo.

“Mama, mwenye hii aliipenda. Meno yote yamo. Hata mimi yangu hayajatimia hivi.”

“Nimekuambia mbovu. Ndiyo iliyokuwa ikilitia lori kigugumizi.”

“Kigugumizi ni injini, mama. Giaboksi haigugumii. Giaboksi huimba au hulia, na hii mtu akiipa oili itaimba.” Alifuta vidole. “Tufunge hii hii. Ya nini kumfuata mtu ng’ambo?”

Mjane alikuwa na swali moja lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Nani duniani hubadilisha kizima kwa kizima? Watu hawaazimani kwa kupenda mazoezi ya kusukuma toroli. Alivua aproni, akaitundika kwenye kioo cha lori, akateremka kuelekea kijitoni.

Mzee Buluu alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi. Rangi ya lango lake ilikuwa imepauka hata ikafanana na moshi. Alipomwona anayekuja alisimama, punje zikamwagika kutoka mapajani.

“Hodi.”

“Karibu, karibu. Habari za siku nyingi?”

“Nzuri. Nimekuja kuiona giaboksi yangu.”

“Ipo,” alisema Mzee Buluu, bila mshangao, kana kwamba alimtarajia tangu asubuhi. “Sijaitupa.”

Alimtangulia hadi bandani. Humo lilikuwamo lori, pacha wa Kigugumizi, isipokuwa kwa rangi. Mbao za sakafu chini ya usukani zilikuwa zimeng’olewa na kuegemezwa ukutani. Na katika tundu lililobaki, mahali pa giaboksi, nyasi zilikuwa zimeota hadi kimo cha goti. Mzee alivuta gunia kutoka rafuni, akalifungua. Giaboksi ya ng’ombe ilikuwa ndani, mfuniko wake umefungwa kwa waya. Aliufungua. Mjane aliinama akachungulia. Gia ya kwanza ilikuwa na pengo la meno matatu, kama kinywa cha mtu aliyepigwa.

“Nani kaivunja?”

“Mumeo, Mungu amrehemu. Alipakia mavuno yote kwa safari moja ili asirudi mara mbili. Pale mlimani akatia gia ya kwanza. Nilisikia mlio nikiwa huku kwangu.”

“Na wewe?”

“Mimi nilikuwa nimemaliza kuvuna. Nikamwambia, fungua yangu, malizia msimu wako, hii tutaitafutia meno.”

“Akaniambia mnaisafisha.”

Mzee Buluu alianza kukunja gunia, akalikunja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

“Kwa nini hakuniambia?”

“Shemeji, ukiuliza nitajibu.”

“Nimeuliza.”

“Alikuogopa. Alisema, nipe msimu mmoja ninunue nyingine kimya kimya, mwanamke huyu asijue kwamba ng’ombe wa mama yake ameishia kwenye meno matatu. Nikacheka. Nikamwambia, atakula nyama yako. Akasema, bora angekula, atanitazama tu.” Mzee aliliweka gunia chini. “Msimu wenyewe haukumngoja.”

Mjane alishika ubavu wa lori. Bati lilikuwa na joto la mchana.

“Na wewe ulikaa miaka yote hii, lori lako halina moyo, hukudai?”

“Nimdai mjane, na udongo wa kaburi haujakauka? Halafu ukasema mwenyewe pale darajani. Ulisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nikaona, maskini, anajua, ila kulipa kunamtia uchungu. Nikakujibu ni kweli. Baada ya hapo ukawa hunisalimii. Nikamwambia mwenzangu, hiyo ni aibu ya deni, tusimwongezee.”

“Nilikuwa nakusema wewe.”

“Mimi?”

“Wewe.”

Mzee Buluu alimtazama. Hakukasirika, na hilo lilikuwa gumu zaidi kuvumilia.

“Loo,” alisema. “Na mimi nilikuwa nakuhurumia.”

Walitoka nje. Mzee alimwambia akae na ile ya buluu. Alisikia fundi akigonga kila siku, alisikia kwamba mwana wa mjane anakuja. Yeye lori alikwisha kuzoea kwamba halipo. Mahindi waliyapeleka sokoni kwa baiskeli, yeye na marehemu mkewe, yeye akishika usukani na mkewe akisukuma kwa nyuma, mpaka mkewe asiweze tena kusukuma. Alisema hayo kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Kwenye kichanja cha vyombo palikuwa na sahani moja na kikombe kimoja, vimeinamishwa vikauke. Mjane alivifahamu. Alikuwa na vya aina hiyo nyumbani. Alijua kwamba hapo palikuwa na neno la kusema, neno fupi ambalo hata mtoto hulisema. Lakini ulimi wake, ambao katika maisha yake yote haukupata kupungukiwa, ulilala. Alisema kwaheri akaondoka.

Fundi Kesho alikuwa bado juu ya ndoo.

“Vipi, mama? Nifunge?”

“Kesho.”

“Mama, hilo neno langu.”

Mjane aliitwaa aproni yake kwenye kioo cha lori, akaingia ndani.

Jioni ile mjane alikaa mezani na ungo mbele yake. Neno la mumewe alilisikia upya. Tumeazimana. Alilizungusha kama fundi alivyozungusha gia. Ukisema umeazima, mtu haelewi kama umetoa au umepokea mpaka uongeze mengine. Na ukisema mmeazimana, hapo ndipo umezima taa kabisa, kila mmoja ametoa na kila mmoja amepokea, na mwenye kusikia achague mwenyewe. Mumewe alikuwa mtu wa maneno ya wazi. Alimwambia punda kuwa ni punda. Hilo moja alilitafuta, akalichagua miongoni mwa maneno yote, akamwachia. Hata wakati pumzi zinahesabika, hata pale ambapo hakuna mtu wa kuogopwa tena, alimwogopa. Mjane alijaribu kukumbuka namna alivyokuwa akimtazama. Hakukumbuka, kwa maana mtu hajioni akitazama.

Ilikuwa Jumatano, lakini alipiga simu mwenyewe. Mwanawe alipokea kwa hofu.

“Mama, kuna nini?”

“Hakuna kitu. Lori halitakuwa tayari.”

“Fundi kakimbia?”

“Fundi yupo. Giaboksi si yetu.”

“Si ulisema yetu iko kwa yule mzee, utaidai?”

“Nilisema. Nilikosea.”

Mwanawe alikuwa na umri wa miaka arobaini na neno hilo hakupata kulisikia kutoka kinywa hicho.

“Huyo mzee anaitaka sasa hivi?” aliuliza.

“Hapana. Amesema nikae nayo.”

“Basi kaa nayo, mama. Watoto wamekwisha kuwatangazia wenzao shuleni. Mtapatana baadaye.”

“Imekaa kwangu vya kutosha.”

“Haya,” alisema mwanawe. “Basi tutaona.”

Mjane alimlea mwenyewe. Alijua maana ya tutaona. Aliaga, akazima simu, na redio hakuiwasha. Alikula akisikiliza kijiko.

Asubuhi fundi alikuta giaboksi ya buluu imekwisha kufutwa hadi inang’aa, na toroli limeegeshwa kando yake. Waliipakia pamoja, fundi akishika upande mzito. Mjane alikataa kufuata nyuma mikono mitupu. Alishika mpini mmoja wa toroli, na fundi akashika mwingine. Walipofika darajani gurudumu lilizama kati ya magogo, ikabidi wasimame wapumue.

“Mama,” alisema fundi, “mimi si mtu wa kuingilia. Lakini lori la mzee likipona, si linaweza kwenda njia panda kumchukua mwanao? Mwambie tu.”

“Usilitaje hilo.”

“Ni jambo dogo.”

“Nikilitaja leo, nitakuwa nimemuuzia giaboksi yake. Inua.”

Waliinua. Mzee Buluu aliwaona wakiingia langoni, akaja mbio kidogo, akisema jamani, jamani, si nilisema. Mjane hakusimama mpaka toroli lilipofika kwenye mlango wa banda.

“Fundi ataifunga,” alisema.

“Kesho nitakuja na vifaa vyote,” alisema fundi.

“Leo.”

“Leo,” alikubali fundi, akaingia kung’oa nyasi.

Mzee alitoa kiti kimoja alichokuwa nacho, yeye akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Mjane hakukaa. Alisimama mbele yake, mikono imeshikana, kama alivyofundishwa utotoni kusimama mbele ya mtu anayestahili heshima.

“Shemeji,” alisema. “Giaboksi ni chuma, nimeileta. Kuna jingine. Mwenzako alipofariki nilisikia kilio. Nilifika darajani nikarudi. Nilirudi nikiwa na akili zangu, hakuna aliyenizuia. Nimekuja kukupa pole.”

Mzee Buluu alitazama mikono yake. Bandani kulisikika spana ikianguka, na fundi akiilaani kwa sauti ya chini.

“Siku zile za kuugua,” alisema mzee taratibu, “aliniuliza mara mbili, shemeji yangu hajaja? Nikamwambia ana kazi.”

Mjane aliipokea sentensi hiyo bila kuikwepa.

“Pole, shemeji,” alisema tena. “Sasa nieleze alivyougua. Sikuwapo.”

Mzee Buluu alimwonyesha kiti kwa kidevu, na mjane akakaa. Akaanza mwanzo kabisa, kwa siku ambayo mkewe alisimamisha baiskeli katikati ya mlima akasema ngoja kwanza, na akaendelea, siku kwa siku, dawa kwa dawa, mara akirudi nyuma kusahihisha. Alikosea majina ya miezi. Alichanganya aliyefika kwanza na aliyefika baadaye. Mjane hakumsahihisha. Jua liliwafuata mlangoni, likapita, likaenda zake nyuma ya banda, naye alikuwa bado ameketi, akisikiliza.